Dole gumba la chini lilikuwa linatulinda

"Mjomba, huyu anaonekana anajua," mpwa wangu aliniambia mwezi uliopita, akinisogezea simu. Kwenye video, fundi anachomoa TV ukutani, anafungua mgongo, halafu papo hapo anatia vidole kwenye pawa saplai, sehemu inayopokea umeme wa ukutani. Hakusema neno kuhusu ile kapasita kubwa, kifaa kinachotunza umeme ndani yake. Kwa umeme wetu wa volti 230, kapasita hiyo hujaa zaidi ya volti 300, na ukichomoa waya hazitoki zote mara moja. Nilimpokonya kijana simu. Laiki zilikuwa mia na kitu. Maoni: "asante mwalimu", "ubarikiwe". Dislaiki, yaani lile dole gumba la chini la kusema hujaipenda, hazionekani.

Hazionekani tangu Novemba 2021, YouTube ilipoficha idadi yake. Kitufe kipo, bonyeza utakavyo, ila anayekuja nyuma yako hajui kama kuna waliopita hapo wakakataa. Zamani nilikuwa naangalia namba hiyo kabla hata ya kuanza kusikiliza. Video ya ufundi yenye dislaiki zinazokaribiana na laiki, naifunga, natafuta nyingine. Ilikuwa kama kuona duka la nyama halina mteja saa nne asubuhi.

Sababu iliyotolewa ni kwamba wenye chaneli ndogo walikuwa wakivamiwa na makundi yanayobonyeza kwa chuki. Hilo silibishi, nimeliona nyumbani. Shemeji yangu anapika mtandaoni. Aligombana na watu wa kikundi chao cha kuchangiana, wiki ile ile dislaiki zikamiminika kwenye video ya sambusa ambayo haikuwa na kosa lolote. Alilia, akakaa miezi miwili bila kurekodi.

Lakini mwenye chaneli bado anaiona idadi hiyo kwenye ukurasa wake wa ndani. Yaani shemeji, ambaye namba ilimuumiza, ameachiwa namba yake. Mpwa wangu wa miaka 19, mwenye bisibisi mkononi, ndiye aliyenyimwa. Hata Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi watatu wa YouTube, alipinga, akaandika pingamizi lake chini ya video ya kwanza kabisa ya mtandao huo, ile aliyoipandisha mwenyewe mwaka 2005.

Wengine wananiambia nisome maoni. Nilifanya hivyo, tena niliandika langu: jamani, pimeni kapasita kwa mita kwanza, msiguse. Kesho yake halikuwepo. Mwenye video ana uwezo wa kufuta maoni, ila maoni ya shukrani huyaacha.

Sasa pale dukani kwetu, tunapotengeneza TV, kuna daftari kubwa kwenye kaunta. Kila video tunayoijaribu tunaandika jina la chaneli, aina ya TV, na tiki au alama ya kosa. Mafundi wawili wa mtaa wa pili wameanza kuja kuandika za kwao. Ile ya kapasita ipo ukurasa wa kwanza, na mpwa wangu ndiye aliyeiandika, kwa kalamu nyekundu.