Siku moja maishani mwangu: msimu wa visiki, mvua bado

Saa 11 alfajiri. Naamka mapema, sio kwamba napenda, ni jua tu linanilazimisha, maana mwisho wa kiangazi ikifika saa nne hamna mtu anashika jembe. Panga nilinoa jana jioni. Nabeba jembe, dumu la maji, na matambara mekundu mfukoni, nitawaambia ya nini.

Saa 12 niko shambani. Mgeni akiliona anasema hamna kitu hapa, mchanga na vichaka vya magotini. Na mi nilikuwa nasema hivyo hivyo, miaka sita mfululizo kila kiangazi nafyeka vile vichaka, narundika, nachoma, alafu nalalamika ardhi imechoka. Kumbe vile sio vichaka bana, ni miti. Ilikatwa zamani ila mizizi chini haikufa, kila mwaka inajaribu kurudi na kila mwaka mi ndo namaliza kazi ya aliyeikata.

Siku hizi sifyeki, nachagua machipukizi machache niyaache yawe miti. Kisiki cha kwanza leo kina ukubwa wa ngumi na machipukizi 14, nimehesabu. Yote yanagombania mzizi mmoja ndo maana hakuna linalokwenda juu. Naacha matatu, yale manene yaliyonyooka, yaliyotokea chini karibu na udongo na hayajabanana. Mengine yanaondoka. Hapa wengi wanakosea, wanapiga panga kutoka juu kwa nguvu, linachana gome mpaka chini, kidonda kinaoza. Mi naanza na mkato mdogo kwa chini kisha ndo namalizia juu, tawi linaanguka safi. Yale matatu nayapunguzia matawi ya pembeni kuanzia chini mpaka nusu ya urefu, basi, panga linaishia hapo. Mwaka wa kwanza nilipata kiherehere nikapogoa mpaka juu kabisa nikaacha kishungi kama ufagio, upepo wa wiki moja ukavunja tisa. Ukimaliza funga tambara jekundu, ili anayepita ajue hiki kina mwenyewe sio kuni za bure. Majani yaliyokatwa yanabaki hapo hapo kufunika udongo.

Saa 2 na nusu nahamia kule mteremkoni penye ukoko. Wanaolima ardhi kavu wanaujua, udongo umejifunga juu mgumu kama sufuria, mvua ikija inateleza tu inaondoka na kile kidogo kilichobaki. Hapo kisiki hakitoshi, lazima kwanza uyakamate maji, so nachimba nusu mwezi, upana kama mita nne, na udongo wote unaochimbwa unawekwa upande wa chini kama tuta la kupinda, mdomo unatazama juu kule maji yanakotoka. Nimechimba mbili tu, ya tatu nimeishia katikati, mgongo umekataa. Ndani nitatia samadi na mtama, na mbaazi pembeni, mzizi wa mbaazi unakwenda chini sana na majani yake yanadondoka yenyewe bila kuombwa.

Saa 4. Kivulini chini ya mgunga, ule unaoitwa Faidherbia albida, na hapa niacheni niusifie kidogo maana mti huu una akili zake. Saivi kila kitu kimepukutika, wenyewe una majani. Mvua zikianza unayaangusha, unakaa mkavu kipindi chote mazao yanakua, yaani jua linapita na haugombanii maji ya juu na mtama wako. Majani yanakuwa mbolea, mizizi inaingiza naitrojeni kwenye udongo, na kiangazi unadondosha maganda ambayo mifugo wanayapenda balaa, wanakuja kula, wanalala kivulini, wanaacha samadi. Nachota udongo hapa kwa mkono wa kushoto, hatua kumi nje ya kivuli nachota kwa kulia. Wa kushoto ni mweusi, wa baridi, unashikana, una vijizizi. Wa kulia unachuruzika kati ya vidole kama chumvi. Na ni shamba moja.

Kijana anayenisaidia akaniuliza haya mambo nimeyatoa wapi. Nikamwambia habari za Niger, kule Maradi mwaka 1983 Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa anapanda miche na inakufa tu, alisimamisha gari akakiangalia kichaka vizuri akagundua ni mti unaochipua kutoka kwenye kisiki. Wakulima wenyewe wakaendelea nayo, saivi zinatajwa hekta zaidi ya milioni 5 zilizorudi kuwa na miti. Na Burkina Faso alikuwepo Yacouba Sawadogo, mkulima, alikuwa anachimba zai, yaani mashimo madogo ya kupandia, wakati wa kiangazi anatia samadi, mchwa wanaingia wanatoboa udongo, majirani wakamwona kachanganyikiwa. Wote wawili walipata tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2018. Kijana akasema kumbe uvivu wangu wa kufyeka una faida. Sikumjibu.

Saa 6 mpaka 9 ni jua, nimelala, hamna cha kusimulia.

Saa 9 na nusu narudi nakuta mbuzi. Saba. Wameshakula ncha za visiki vinne vya asubuhi, na tambara moja pia. Nilitaka kupiga kelele ila nikamwona mwenye mbuzi ni mzee wa makamo ya baba yangu, nikameza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Najua. Lakini niambie, kiangazi hiki wale nini?"

Na swali lake ni la haki, ndo maana miche mingi inapandwa kwa shangwe na kamera alafu mwaka unaofuata haipo, hakuna aliyemuuliza mwenye mbuzi. Tukakaa chini. Tumekubaliana maganda ya mgunga anaokota yote, na matawi ninayokata kesho na keshokutwa nitayaweka njiani achukue, ila mbuzi wasiingie kwenye visiki mpaka machipukizi yapite kimo chao, miaka miwili hivi. Kanikubalia, tutaona.

Saa 11 jioni nimemalizia kukata gilirisidia, mti wa mbolea, naikata chini ya goti na majani mabichi nayafukia kwenye matuta, yanaoza haraka. Hiyo mbuzi hawakuigusa, harufu yake mwanzoni hawaitaki.

Saa 12 na nusu. Visiki 31 leo, ukitoa vinne vya mbuzi. Nimevirudia vile vinne kwa tochi ya simu, vitatu vitachipua tena, kimoja gome limechunwa mzunguko mzima na shina limekwisha. Nimelikata mpaka karibu na udongo nikafunga tambara jingine.