Wiki 18 za kusubiri muundi uunge

Picha ya wiki ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho. Daktari aliipachika kwenye ubao wa taa, akaitazama, akasema, "Vizuri." Mimi nikaona ufa. Ufa ule ule wa siku ya kwanza, tena ningeweza kuapa kwamba umepanuka. Nikamwuliza, "Samahani, Daktari, mbona pengo limeongezeka?" Akasema ni kweli limeongezeka kidogo, na kwamba ndivyo inavyokuwa. Kisha akaita mgonjwa mwingine.

Nilirudi nyumbani na magongo yangu nikiwa nimenuna. Uliovunjika ulikuwa muundi wa mguu wa kulia, chini kidogo ya katikati, kwa kukosea ngazi moja tu nikiwa nimebeba sanduku lililoniziba macho. Mfupa haukutoboa ngozi wala ncha zake hazikuachana sana, kwa hiyo sikupasuliwa. Ulinyooshwa, nikafungwa plasta kuanzia pajani hadi karibu na vidole, nikapewa maagizo: usikanyage, usimeze dawa ya maumivu ambayo sikukuandikia, usivute sigara. Nikatii mawili. Sigara nilivuta kwa kuibia, moja moja, dirishani, nikijiambia kwamba moshi unakwenda mapafuni na mguu uko mbali.

Jioni ile nikaanza kusoma. Sina elimu ya udaktari. Niliyodhani nimeyaelewa niliyaandika kwenye daftari, nikaenda nayo kliniki iliyofuata, na daktari akayarekebisha mengine kwa kalamu nyekundu kama mwalimu.

Mfupa ukivunjika, mishipa ya damu iliyomo nayo hukatika. Damu humwagika kati ya zile ncha na kuganda. Mimi nilikuwa naliona bonge hilo kama taka inayopaswa kuondoka ili kazi ianze, kumbe kazi huanzia humo humo. Chembe sahani, vile vijichembe vya damu vinavyosaidia kuigandisha, zilizonaswa ndani yake hutoa protini zinazosambaa na kuita seli nyingine. Seli za kinga huja, nazo hutoa ishara zake, zile ziitwazo sitokini, zinazoita wengine zaidi. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo: joto, uvimbe na yale maumivu ya usiku wa pili yaliyonifanya nihesabu mbao za dari vilikuwa ndiyo mbiu yenyewe. Daktari aliniambia kwamba bonge hilo likiondolewa, mfupa huchelewa kuunga.

Wanaoitikia mbiu hiyo ni seli shina, kutoka kwenye uboho na kwenye utando mwembamba unaoufunika mfupa kwa nje. Hapa ndipo niliposoma mara tatu. Seli hizi zinafika zikiwa bado hazijawa kitu maalumu. Zitakuwa nini inategemea zinaambiwa nini, na pia zinakuta hali gani. Pembeni, ambako damu inafika na mfupa umetulia, hugeuka kuwa osteoblasti, yaani wajenzi, na kuanza mfupa moja kwa moja. Katikati ya pengo, ambako oksijeni ni haba na ncha bado zinachezacheza, hugeuka kuwa seli za gegedu, ile tishu imara inayopindika kama ya sikioni. Gegedu hilo ndilo linaloshika ncha mbili zisiyumbe, na gegedu halionekani kwenye eksirei.

Basi ndiyo hiyo picha yangu ya wiki ya tatu. Pengo nililoliona tupu halikuwa tupu. Na lilipanuka kwa sababu ncha zilizokosa damu zilikuwa zimekufa, na kuna seli nyingine, osteoklasti, ambazo kazi yake ni kula mfupa usiofaa. Fundi habandiki saruji mpya juu ya ukuta uliooza. Laiti ningeambiwa hilo kwa sentensi mbili pale kliniki, ningelala.

Kuna jaribio moja ambalo hadi leo namsimulia kila anayenivumilia. Mwaka 1965 daktari wa mifupa wa Marekani, Marshall Urist, alieleza alivyochukua vipande vya mfupa, akaviondolea madini kwa asidi, kisha akavipandikiza ndani ya misuli ya wanyama, wakiwemo sungura. Mfupa mpya ukaota ndani ya msuli, mahali ambapo mfupa hauna shughuli yoyote! Maana yake ndani ya vile vipande kulikuwa na kitu kinachoziamuru seli zijenge mfupa. Kitu hicho ni kundi la protini zinazofahamika kwa herufi BMP, na siku hizi baadhi yake hutengenezwa maabara na kutumika katika upasuaji wa mifupa. Mimi sikuhitaji za maabara. Nilikuwa na zangu, kilichotakiwa ni nisizikatize.

Ndipo nikaelewa lile agizo la dawa. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki hutuliza maumivu kwa kuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, na prostaglandini ni miongoni mwa ishara zinazotumika mfupa unapoanza kuunga. Kwa wanyama wa maabara imeonekana zinaweza kuchelewesha. Kwa binadamu matokeo yanagongana, na madaktari hawako kauli moja. Wa kwangu alichagua tahadhari akaniandikia parasetamoli. Sikuona sababu ya kubishana naye.

Sigara ndiyo iliyoniaibisha. Gegedu haliwezi kugeuka mfupa bila damu, kwa hiyo seli hutoa ishara nyingine, VEGF, inayoifanya mishipa midogo ya damu ichipue na kuingia ndani ya lile donge la gegedu. Nikotini hubana mishipa. Monoksidi kaboni ya kwenye moshi hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Na sehemu ya chini ya muundi, pale pale palipovunjika pangu, haina nyama nyingi ya kuizunguka na damu yake ni ya shida tangu mwanzo. Seli zinaita maji, mimi nimekaa dirishani nimekanyaga mpira wa maji.

Nilimwambia daktari ukweli. Hakufoka. Aliuliza tu zimebaki ngapi kwenye pakiti, nikasema 11, akasema, "Hizo 11 zinatosha." Sikuelewa anamaanisha zinatosha kuvuta au zinatosha kuharibu, nikazitupa. Shida yenyewe ilikuwa baada ya kula. Nilihamisha kiti kutoka dirishani, na kila hamu iliponishika nilichezesha vidole vya mguu wa plasta mara 50, kwa kuhesabu kwa sauti. Siku za mwanzo nilifika mia mbili, mia tatu. Waliokuwa nyumbani walidhani plasta imenipanda kichwani. Wiki ya tano nilikuwa nahesabu kwa mazoea tu, hamu yenyewe imeshanyauka.

Wiki ya sita, picha mpya. Ufa ulikuwapo, ila umezungukwa na kitu kama ukungu, cheupe, chepesi, kinene katikati na chembamba pembeni. Gegedu lilikuwa limeanza kupata madini na kugeuka mfupa. Plasta ndefu ikakatwa, nikafungwa fupi ya chini ya goti, na nikakabidhiwa kwa dada wa fiziotherapia ambaye kifaa chake kikuu kilikuwa mizani ya kupimia uzito.

"Kanyaga, kaka. Usitazame mguu, tazama mshale."

Mguu mzima sakafuni, mguu mbovu juu ya mizani, mikono kwenye magongo. Nilikandamiza hadi mshale ukafika 4, jasho likanitoka. Lengo la siku ile lilikuwa kilo 10. Nilipofika 10 mguu ulitetemeka mpaka mizani ikawa inalia tiki tiki. Nilidhani ninakirudisha kidonda nyuma, lakini yeye alisema mguu huu sasa unahitaji kuambiwa kwamba una kazi.

Na kweli huambiwa. Ndani ya mfupa mgumu zimezikwa seli ziitwazo osteositi, zimeunganishwa kwa vijifereji vyembamba vyenye majimaji. Ukikanyaga, mfupa unapinda kidogo mno, majimaji yanasogea, na osteositi zinahisi. Zikikaa bila kuhisi uzito hutoa kwa wingi protini iitwayo sklerostini, ambayo huwazuia wajenzi. Zikihisi uzito hupunguza kizuizi hicho. Kuna watu wachache, hasa familia za Waafrikana, yaani Makaburu, wa Afrika Kusini, waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza sklerostini, na mifupa yao hunenepa kupita kiasi hadi kubana neva za kichwani. Kwa kuwafuatilia wao, wataalamu walipata wazo la dawa inayoizuia protini hiyo kwa wenye mifupa dhaifu. Marekani iliiruhusu mwaka 2019. Kizuizi, kwa hiyo, nacho kina kazi yake.

Kutoka kilo 10 nilipanda hadi 20, kisha 30, nikirudia mara kadhaa kwa siku, kwa mizani ya nyumbani. Siku moja nilijitia ubingwa nikaruka hadi 45. Usiku mguu ulivimba, nikalala umewekwa juu ya mito mitatu, na kesho yake dada akanirudisha 20 bila kusema neno. Pengo likichezeshwa kupita kiasi, seli hubaki kwenye gegedu au hutengeneza utando tu, na mfupa hauungi. Likichezeshwa kidogo, donge hukua. Mpaka kati ya hayo mawili hauonekani kwa macho, ndiyo maana ya ule mshale.

Wiki ya 18 daktari alichukua picha mbili, ya mbele na ya ubavu, akanionyesha kwamba kila picha ina kuta mbili za mfupa, jumla nne. Akagusa kwa ncha ya kalamu: "Moja imeunga. Mbili. Tatu." Kalamu ikasimama.

"Na ya nne, Daktari?"

"Tatu zinatosha kutembea. Ya nne inakuja."

Sasa ni mwezi wa 14. Nikipitisha kidole gumba kwenye muundi kutoka goti kushuka, nakuta kinundu pale palipovunjika. Osteoklasti bado zinakichonga na osteoblasti zinapiga lipu nyuma yake. Mwezi wa sita kilionekana hata kwa juu ya soksi. Leo asubuhi ilibidi nikitafute.