Maharage ndiyo yaliyonirudisha kwenye mkaa, kapu likanitoa

Mtungi wangu wa gesi wa kilo 6 niliununua kwa hela ya kushona sare za shule, nikajua mkaa basi tena. Haikuwa hivyo. Chai niliipikia gesi, mayai gesi, mboga za majani gesi. Ikifika siku ya maharage, jiko la mkaa linarudi palepale mlangoni, na nyumbani kwangu siku za maharage ni nne kati ya saba. Kina mama wa hapa Moshi watakuambia hivyohivyo: gesi si ya maharage, utaimaliza mwezi haujafika nusu. Nilijaribu kubisha mwezi mmoja. Mtungi ambao kwa kawaida ulinifikisha wiki tano ulikata wiki ya tatu, na mkaa nikanunua vilevile.

Tunaishi Pasua, vyumba viwili na kibaraza. Kibaraza hicho ndicho jiko, ndicho pia mahali watoto wanapofanyia kazi zao za shule jioni. Mwanangu wa pili alikuwa na kikohozi kisichoisha, na siku niliyompeleka zahanati muuguzi hakuniuliza kuhusu baridi wala vumbi. Aliniuliza, "Mama, unapikia wapi?" Nikamweleza. Akaandika dawa, lakini lile swali nilirudi nalo nyumbani.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Lengo hilo nalipenda kwa moyo wote. Ila ukimpa mama mtungi usimwambie maharage atayaivishaje, gunia la mkaa halitoki uani kwake.

Jibu nililipata kwa kumkumbuka bibi yangu wa Kibosho, kule mlimani juu ya Moshi. Alikuwa akivundika ndizi za mbege, ile pombe ya ndizi, ndani ya majani makavu ya mgomba, na sisi watoto tulipenda kupenyeza mkono mle siku ya tatu, maana ulikuta joto kama la kwapani. Majani hayohayo aliyazungushia sufuria ya ndizi za babu, akaweka gunia juu, na babu akirudi kutoka kwenye kahawa jua limeshatua alikuta chakula bado kinafuka moshi. Siku moja nikiwa kwenye cherehani, nikiitazama chupa ya chai mezani, nikaunganisha mambo hayo mawili. Chai kwenye chupa haina moto chini yake, lakini mpaka mchana inaunguza ulimi. Maharage nayo yakishachemka vizuri, kinachoyaivisha ni lile joto. Moto ninaoendelea kuuwasha saa nzima na zaidi unafidia joto linalopotea pembeni ya sufuria, basi. Nikizuia joto lisitoroke, moto wa nini tena?

Jumamosi hiyo nilipanda Kibosho kwa mama. Nilirudi na tenga la mianzi ambalo zamani lilibebea kuku, na viroba viwili vya majani makavu ya migomba. Konda aliviinua, akashangaa wepesi wake, akaniuliza ni mzigo gani huu. Nikamwambia ni jiko. Hakuuliza tena.

Kuligeuza tenga hilo kuwa kapu la kuivishia hakukuchukua hata nusu siku. Chini ya tenga nilishindilia majani mpaka yakafika unene wa kiganja kizima, yaani kama sentimita 10. Nikaweka sufuria katikati, nikajaza majani pembeni kwa unene uleule, nikishindilia kwa ngumi lakini si kwa nguvu zote, kwa sababu kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa kati ya majani. Ukiyabana kama tofali umeitoa hiyo hewa. Kisha nikashona kitambaa kizito cha pamba cha kufunika majani yote, kikabaki kishimo chenye umbo la sufuria yangu. Juu nilishona mto mnene wa duara, nikaujaza vipande vinavyobaki nikikata nguo. Vipande hivyo huko nyuma nilikuwa navichoma moto. Ule mto ndiyo moyo wa kapu. Joto hupanda juu, na mto ukiacha upenyo mdogo tu, umekwisha.

Sasa namna ninavyopika, maana hapa ndipo wengi wanaoniuliza hukosea, na mimi mwenyewe nilikosea kabla yao.

Usiku naloweka maharage robo tatu kilo. Napenda yale ya Lyamungo, makubwa yenye madoa mekundu, ambayo soko la Mbuyuni huyakosi. Namuuliza muuzaji kama ni ya msimu huu, kwa sababu maharage yaliyokaa ghalani miaka huwa magumu hata ukiyawekea moto wa kuni siku nzima. Asubuhi namwaga yale maji kwenye kiroba nilichopandia mboga ya mnafu, nasuuza, naweka maji mapya yazidi maharage kwa vidole viwili. Si zaidi ya hapo, kwa sababu ndani ya kapu hakuna mvuke unaopotea. Nabandika kwenye gesi saa moja kasoro. Yakianza kutokota natazama saa: dakika 20 kamili, yakitokota kwelikweli, mfuniko ukiruka.

Hizo dakika si za mapambo. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayotapisha na kuendesha. Kuiondoa kunataka mchemko wa nguvu usiopungua dakika 10. Joto la vuguvugu haliiondoi. Kwa hiyo kapu si mahali pa kuanzia kupika. Kapu linamalizia kazi ambayo moto umeshaianza kikamilifu.

Dakika 20 zikiisha, nazima, nafuta masizi kama yapo, na bila kufunua mfuniko hata kidogo nateremsha sufuria ndani ya kapu. Mto juu, na juu ya mto blanketi kuukuu lililokunjwa mara nne. Naenda kwenye cherehani yangu. Hakuna wa kuangalia maji yamekauka, hakuna kuungua, hakuna mtoto kuambiwa "chochea huo mkaa" katikati ya kitabu chake.

Saa saba mchana nafungua. Mto unakuwa na joto upande wa chini, na ukiuinua inatoka harufu mbili kwa pamoja, ya majani makavu na ya maharage yaliyoiva. Sufuria bado haishikiki bila kitambaa. Nachota moja, nalibonyeza kwa kidole gumba na cha shahada, linafumuka kama siagi huku ganda lake halijapasuka. Jambo hili sikulitegemea kabisa. Maharage ya moto mkali hupasuka na kumwaga unga wake kwenye maji. Haya yanaiva yakiwa mazima, na mchuzi unakuwa mzito wenyewe. Naunga kwa kitunguu, karoti na nyanya. Nyanya siku zote mwishoni, kwa sababu ukali wake ukiingia mapema huyafanya maharage yagome kulainika. Yakishaungwa yanachemka tena dakika kumi, tunakula.

Magadi nimeacha. Tumezoea kuyatia ili maharage yalainike upesi, lakini yanaua vitamini B1, na kwa kuwa kapu halina haraka sioni sababu ya kuyaweka.

Nilisema nami nilikosea. Mara ya kwanza nilitumia sufuria kubwa iliyojaa theluthi tu, na kila baada ya saa moja nikawa nafunua kuchungulia. Mchana nilikuta maharage magumu ndani ya maji vuguvugu, nikawasha mkaa kwa hasira. Sufuria yenye nafasi tupu inapoa haraka. Ijae angalau theluthi mbili, na usichungulie. Mara ya tatu au ya nne nilipata tenda ya kushona nguo za harusi, nikayasahau ndani tangu asubuhi mpaka usiku. Yalikuwa yamechacha, yana povu. Iliniuma sana kumwaga chakula cha watoto. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 na kukaa hapo, vijidudu vinaanza kuzaana, na kwa uzoefu wangu kapu langu linashikilia joto la kuridhisha kwa saa sita hivi. Tangu hapo sivuki saa sita, na kabla ya kula lazima yachemke tena.

Kosa jingine lilikuwa la majani. Yale ya kwanza niliyashindilia yakiwa bado na unyevu, baada ya wiki tatu yakaota ukungu. Niliyatupa yote kwenye mboji, nikaanza upya na majani yaliyokauka mpaka yanalia ukiyakunja. Siku hizi kila baada ya kupika kapu linakaa juani bila mto, na mto wenyewe nauanika kwenye kamba.

Mkaa? Nilikuwa nanunua ndoo mbili kila wiki. Tangu nilipolizoea kapu, ambayo sasa ni zaidi ya mwaka, nimenunua ndoo moja tu, ya nyama choma ya ubatizo. Mtungi wa gesi unafika wiki nne na siku kadhaa, maharage yakiwemo. Hela inayobaki ndiyo inayonunua maziwa, na kikohozi cha mtoto kimepungua mno, japo sitakuambia kimekwisha.

Wali unakubali sana: ukichemka dakika tano na maji yake ya kawaida, nusu saa kwenye kapu unatosha, na ukoko hauupati (baba watoto analalamikia hilo mpaka leo, yeye ni mtu wa ukoko). Mtori naanza kwa kuchemsha nyama nusu saa kwanza. Makande ndiyo yalinisumbua. Mahindi ya kukoboa ni magumu kuliko maharage, na mpiko mmoja tu wa kapu hauyaivishi. Sasa naloweka vyote usiku, nachemsha dakika 40, kapu saa nne, narudisha kwenye moto robo saa, kapu tena saa mbili. Ni kazi ya siku nzima, lakini moto wenyewe ni chini ya saa moja, na ladha yake ni ile ya chungu cha bibi.

Kapu lilivuta na mambo mengine bila mimi kuyapangia ratiba. Nilipoona muda na hela vinabaki, nikaanza kusaga dona badala ya kununua sembe ya paketi. Napeleka mahindi kidogokidogo mashineni, ya wiki mbili tu, kwa kuwa kiini cha dona kina mafuta na unga wake ukikaa unavunda. Mahindi nayachambua mwenyewe kwenye ungo. Punje yenye ukungu au iliyobadilika rangi haiingii, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kupika. Kiroba cha mnafu kinakula maji ya kuloweka na mboji ya jikoni. Maganda ya ndizi anachukua jirani mwenye ng'ombe wawili, naye ananipa samadi. Sokoni naenda na kikapu cha ukindu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 kimerudi kwenye heshima yake.

Aliyenisumbua kumshawishi alikuwa mama yangu. "Mwanangu," aliniambia, "maharage yasiyokuwa na moto chini yataivaje? Hayo ni ya watu wa mjini." Nilimpelekea kapu la pili nililomshonea mwenyewe, nikalala huko ili nimwonyeshe. Hayakuiva. Nilifadhaika, mpaka nilipofikiria mahali tulipo. Kadiri unavyopanda mlima, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300 hivi. Kibosho ni juu kuliko Moshi mjini, na asubuhi za Julai kule unaona pumzi yako. Tukaongeza mchemko ukawa dakika 35, na pembeni ya sufuria tukaongeza majani, kule hayanunuliwi. Nilirudi mjini kabla ya kuona matokeo.

Siku iliyofuata saa saba na nusu simu iliita. Hakunisalimia hata.

"Yameiva," alisema. "Sasa niambie, haya majani nayabadilisha baada ya muda gani?"