Vumbi la kusingiziwa

Jana usiku nilifungua faili la feni ya kikaushio nikitafuta tarehe moja tu, nikajikuta nasoma mwandiko wangu. Beringi ya upande wa mota, ile pete ya rola inayobeba shafti izunguke, imebadilishwa mara tatu ndani ya miezi kumi na moja. Palipoandikwa "Chanzo", mara zote tatu nimejaza neno moja: vumbi.

Nani angebisha? Dodoma mvua zikishakata, ni kiangazi hadi Desemba. Ikifika Julai upepo unabeba udongo, unaingia kwenye chai, kwenye kabati la spana, masikioni. Ukisema vumbi limeua beringi, bosi anatikisa kichwa na kusaini. Wenzetu wa Dar es Salaam wana chumvi ya bahari, sisi tuna vumbi.

Beringi yenyewe ni namba 22220, ya rola, tundu milimita 100. Unaipasha moto kufika kama nyuzi 110 ndipo iingie kwenye shafti laini kama pete kidoleni. Ukizubaa inapoa na kung'ang'ania njiani, na hapo nyundo haisaidii, ingawa nimeshuhudia watu wakiijaribu.

Ya nne niliiwahi kabla haijafa. Shifti ya usiku, joto la nyumba ya beringi lilipanda kutoka nyuzi 60 hadi 94. Nikaweka ncha ya bisibisi juu ya nyumba, mpini sikioni, nikitegemea kusikia mchanga ukisagwa. Nikasikia mvumo mzito, wa kuzibwazibwa, kama mtu anayesonga ugali chumba cha pili.

Tukazima feni, tukapiga kufuli swichi, tukafungua kifuniko. Grisi ilikuwa imejaa pomoni, nyeusi, pembeni imegeuka maji maji. Sili ya upande mmoja, ile inayozuia uchafu kuingia, ilikuwa imesukumwa nje, na kwenye ule mwanya vumbi lilikuwa limejipanga. Kwa hiyo lilikuwepo kweli, ila tulilifungulia mlango wenyewe.

Ndani ya nyumba ya beringi, nafasi iliyo wazi hujazwa grisi theluthi, ikizidi sana nusu. Ikipita hapo rola zinaikoroga mfululizo, joto linapanda, mafuta yanajitenga na ile sabuni inayoyashika ndani ya grisi, na presha inatafuta pa kutokea. Haya nilifundishwa chuoni, na mtihani wake nilifaulu.

Asubuhi nikamfuata mzee wetu wa grisi, Mgogo wa huku huku Bahi, mtu asiyejua kutegea.

"Shikamoo mzee. Ile feni huwa unaipigia mara ngapi?"

"Marahaba. Ishirini kila shifti, mpaka itoke pembeni. Si ulisema mwenyewe, injinia?"

Nilisema. Nilikuwa na miezi miwili kazini na sauti kubwa, nikamwambia mbele ya vijana asiionee huruma grisi, aisukume mpaka ilitoe vumbi. Ya pili ilipokufa nikamwongezea dozi. Kila nilipotibu, ugonjwa ulizidi, na mgonjwa nikamwandikia vumbi.

Mchana nikapitia soko la Majengo kununua mzani mdogo, ule wa kupimia unga wa keki. Tukapiga bomba la grisi mara kumi juu ya kipande cha gazeti: gramu 13. Kanuni ya kiasi cha kuongeza ni nyepesi: kipenyo cha nje cha beringi, milimita 180, mara upana, milimita 46, mara 0.005. Inatoka gramu 41 na kidogo, yaani kama mikupuo 32. Hizo ni za wiki nne kwa ratiba tuliyoipanga sasa. Mzee alikuwa akizimaliza ndani ya shifti mbili, tena kwa utiifu.

Akauangalia mzani, akaiangalia ile grisi kwenye gazeti, akauliza kama inaweza kurudishwa kwenye bomba. Hapana mzee, imeshagusa gazeti. Akasikitika kuliko alivyosikitikia beringi.

Nikamwambia kosa lilikuwa langu, si la mkono wake. Nilitaka kuendelea kueleza habari za sabuni na presha, akanikatiza.

"Na zile tatu za kwanza tuliandika nini?"

"Vumbi."

Alicheka mpaka akakohoa, akachukua bomba lake. Faili bado liko mezani kwangu, na ripoti ya nne sijaigusa.