Jirani yangu Mbengali na barua ya kodi

Wiki iliyopita hapa London wakala wa nyumba aliniletea barua: kodi inapanda pauni 200 kwa mwezi, kuanzia mwezi ujao. Wewe uliyepanga Sinza piga hesabu mwenyewe. Nikakutana kwenye ngazi na jirani yangu, mzee wa Kibengali kutoka Sylhet, Bangladesh. Akaiomba barua, akavaa miwani, kisha akataka na mkataba. Kidole kikasimama kwenye tarehe: mkataba bado haujaisha, na hakuna kipengele kinachoruhusu kupandisha kodi katikati. "Usisaini kitu," akaniambia. Jioni binti yake, ambaye kazi yake ni kushauri wapangaji, akaja tukaandika jibu. Wakala ameufyata.

Miaka yote niliyokaa London, hakuna Mswahili mwenzangu aliyewahi kunisomea barua. Msiba ukitokea tunachanga, harusi tunachanga, nashukuru. Ila mtu akitaka kutolewa nyumbani kwake, anaambiwa "pole" halafu kimya. Inaniuma sana.

Wabengali wa huku Whitechapel, mashariki mwa London, umoja wao wa kusaidiana wameulipia. Waliotangulia walikuwa mabaharia wa meli za Waingereza, baadaye wakaja washona nguo. Miaka ya 1970 kupata nyumba za manispaa ilikuwa shida, na wengine walipangiwa mitaa wanakopigwa na wabaguzi. Familia zikaingia kwenye majengo matupu ya Spitalfields, mtaa wa jirani, na kukataa kutoka. Tarehe 4 Mei 1978 Altab Ali, kijana wa kiwanda cha nguo, alichomwa kisu akafa akirudi kutoka kazini. Siku kumi baadaye maelfu waliandamana na jeneza lake hadi Downing Street, kwa waziri mkuu. Leo bustani ya jirani na pale alipouawa ina jina lake, na tangu 2022 stesheni ya Whitechapel imeandikwa kwa Kibengali pia. Nikipita pale nasimama kukitazama kile kibao. Wamestahili.

Unayefunga begi kuja huku sasa hivi, acha kuuliza chumba rahisi kiko wapi tu. Uliza majirani ni akina nani. Na mkataba usome wote kabla hujatoa pesa, hata kama anayekupangisha ni mtu wa kwenu.

Aliye Tower Hamlets, manispaa yetu hii ya Whitechapel, na ana barua kama yangu anitumie ujumbe. Jumamosi yule binti amekubali kukaa na sisi. Njooni na mikataba yenu, karatasi zote, na risiti.