Tundu la Kumi na Mbili

Jumamosi tulikuwa tunahamisha godoro. Godoro la sita kwa sita haliingii kwenye Probox hata ulikunje vipi, kwa hiyo niliuacha mlango wa nyuma wazi, nikaufunga kwa kamba ya katani usipigepige, tukaondoka Buzuruga kwenda Kisesa. Hatujafika Igoma, yule binti yangu wa mwisho akaanza kukohoa.

"Baba, mbona moshi wa gari letu unaingia kwa nyuma, na sisi tunakwenda mbele?"

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu swali hilohilo niliwahi kujiuliza nikiwa na miaka 22, nikajijibu mwenyewe, nikakosea.

Enzi zangu za uwanja wa ndege mnazijua: saidia fundi, ovaroli ya kurithi, kazi kuosha vipuri na kumshikia Mzee tochi. Ndege tulizozizoea zilikuwa za kubeba watu, watalii na watu wa migodini, mara moja moja maiti. Ile iliyotua alasiri moja ikitokea Tabora haikuwa na habari na abiria. Ilikuwa ya sarakasi za angani. Viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na kioo kimoja kikubwa kimevifunika vyote kama bakuli lililopinduliwa. Rubani wake, mzungu mrefu, alishuka, akashika bawa, akatapika.

Malaria, tukasema. Mwanza kila kichwa kinachouma ni malaria mpaka kipimo kikatae.

Mzee hakusema kitu. Alichungulia kwenye dashibodi, palipobandikwa kikadi cha kupimia hewa ya sumu, chenye doa la rangi ya machungwa. Doa lilikuwa limeanza kuwa jeusi.

Ndege za namna hii zina moshi wake wa makusudi. Kuna tangi dogo la mafuta mepesi. Rubani akibonyeza kitufe, pampu inayarusha ndani ya bomba la ekzosi, yanageuka mvuke kwa lile joto na kutoka kama wingu jeupe. Ndiyo ile mistari inayochorwa angani watoto wakapiga kelele. Mzungu alilalamika kwamba kila akiwasha moshi wake, unamrudia ndani. Mzee akamjibu ashukuru. Moshi mweupe ni mshenga tu, unaonekana na unanuka. Mwenye kuoa yuko nyuma yake: kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na inaing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mshenga akishapata mlango, bwana harusi naye kapata. (Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Habari ya mshenga niliiruka.)

Kumbe njiani alijitibu. Aliposikia harufu alikisukuma kioo nyuma kidogo apate hewa safi, na hapo ndipo kichwa kilipozidi. Hewa inayopita kasi juu ya kioo inafyonza. Ukifungua upenyo pale juu, ya ndani inavutwa nje, na ya ndani ikitoka nyingine lazima iingie, popote penye tundu. Ekzosi nayo inamwaga moshi chini ya tumbo la ndege.

Kesho yake mchana tulishughulika na mbele. Tulipaka povu la sabuni kwenye mabomba, tukapuliza hewa ndani kwa kifyonza vumbi tulichokigeuza, tukitafuta ufa unaotoa mapovu. Hakuna. Lile boksi la bati linalozunguka ekzosi ili kumpashia rubani hewa ya moto tuliliziba mdomo. Nani anataka hita Mwanza? Bati linalotenganisha injini na rubani tulilijaza gundi isiyoshika moto, kila waya unapopita. Halafu Mzee akasema tusubiri giza.

Usiku ule ninao mpaka leo. Tulifunga milango ya banda, tukazima taa zote. Mzee akaingia kwenye ndege na taa ya gereji, ile yenye waya mrefu, akajifunika na kioo, na juu ya kioo tukatandika mablanketi mawili. Mimi nililala chali chini ya tumbo la ndege juu ya boksi la katoni, chokaa mkononi. Kila nitakapoona mwanga, niweke alama.

Mwanzoni niliona giza tu na kusikia Mzee akipumua ndani ya bati. Kisha, macho yalipozoea, vikatokea. Kimoja penye mguu wa gurudumu la kushoto, kama mwezi mwembamba. Viwili kwenye mfuniko wa sakafu. Mstari mfupi pale fimbo ya flapu inapopita. Vingine vidogo kama ncha ya sindano, matundu yaliyokosa riveti. Niliviona nikakumbuka nyumbani Kirumba, usiku usio na mwezi, ukitazama ziwani karabai za wavuvi wa dagaa zimepangana kwenye weusi usijue maji yanaishia wapi. Ile ndege ilikuwa imegeuka ziwa, nami nimelala chini yake.

Na kama ziwa, ikaleta wadudu wake. Mnawajua, wale wanaonyanyuka majini kwa mamilioni mpaka ukiwa mbali unadhani kuna kisiwa kinaungua. Walikuwa wamejipenyeza chini ya milango, na kwa kuwa banda zima lilikuwa giza, waliifuata ile mianga michache. Kila tundu likavaa ndevu. Walinijaa puani, mdomoni, masikioni. Nilikuwa natema na kuchora, natema na kuchora.

"Nasogeza nyuma!" Mzee akasema. Taa ikakwangua bati kuelekea mkiani, na mianga ya mbele ikafifia mmoja mmoja.

Nikatambaa kuifuata. Huku nyuma kabisa, pale fimbo ya kuendeshea mkia inapotokea nje, palikuwa na tundu la kupitisha vidole viwili. Wadudu walikuwa wamelijaa kuliko yote, wanachemka. Nilinyanyua mkono wenye chokaa, nikaushusha. Nilifikiri hivi: ndege inakwenda mbele. Moshi unatoka mbele, unapita chini, unaachwa nyuma. Ukishafika mkiani ushamalizana na rubani, umrudie kwa miguu ipi? Na pale kuna fimbo inayocheza, kuliziba ni kazi ya saa mbili nyingine, na macho yalikuwa yananiwasha.

"Ngapi?"

"Kumi na moja, Mzee."

Tuliyaziba kumi na moja. Asubuhi kikabandikwa kikadi kipya, mzungu akapaa kuelekea upande wa Ukerewe, akachora mistari yake myeupe juu ya maji, akajipindua mara mbili tatu. Alipotua alikuwa anatabasamu, lakini alitikisa kichwa. Afadhali, lakini bado. Doa lilikuwa na kivuli.

Mzee hakumtazama mzungu. Alinitazama mimi.

"Ngosha. Juzi ulisema ngapi?"

"Juzi" ilikuwa jana usiku, lakini nilielewa. Nilikwenda mkiani, nikaonyesha kwa kidole. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Aliingiza vidole vyake viwili kwenye tundu, akavichezesha, akasema moshi unateleza chini ya tumbo mpaka huku, unaingia hapa, unatembea ndani ya mkia kuelekea mbele mpaka kisogoni pa rubani, kwa sababu kule kwenye kioo ndiko hewa inakofyonzwa. Ndani ya ndege ile, akasema, moshi unakwenda mbio kuliko ndege.

Alikata tyubu ya baiskeli, akaifanya soksi ya mpira, akaivisha ile fimbo ikawa inacheza bila kuacha upenyo. Yote yangeishia hapo, nami ningekuwa na kisa safi cha kuwasimulia. Lakini wakati Mzee yuko mkiani, mzungu naye, bila kutuambia, alikuwa amebandika ukanda wa mpira kwenye ukingo wa nyuma wa kioo. Akapaa tena, akarudi na kikadi cha machungwa matupu. Kesho yake akaenda zake Nairobi.

Kwa hiyo sijui ni lipi lililomponya. Yeye aliondoka akiamini ni ukingo wa kioo. Mzee mpaka anastaafu aliamini ni tundu langu. Mimi nabadilika. Kuna miaka najiambia kivuli kile kililetwa na kioo na mimi nilipatia bila kujua; na kuna usiku nalisikia swali lile, "Ngapi?", na jinsi nilivyolijibu haraka.

Nilimweleza mtoto kwa kifupi kwamba gari nalo linavuta hewa kwa nyuma, nikashusha vioo vya mbele vyote viwili, nikaweka feni ya juu kabisa. Tukaipita Igoma. Godoro linapiga makofi. Baada ya muda niligundua sijamsikia.

"Mama, umelala?"

Kimya. Niliweka gari pembeni, nikashuka, nikamzungukia upande wake na kumfungulia mlango.

"Sijalala," akasema. "Nilikuwa nahesabu mashimo ya barabarani. Umeyapita thelathini na moja."

Niliifungua ile kamba. Godoro tukaliacha kwa muuza mkaa tuliyekuwa tumesimama karibu naye, nikafunga mlango wa nyuma, na jioni nikalifuata kwa bajaji ya mizigo. Mama yake anauliza mpaka leo ile elfu nane ya bajaji ilikuwa ya nini.