Kanda ya Harusi

Shangazi yangu aliimba taarabu kwenye harusi za Ng'ambo, mjini Unguja, kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakutoa santuri hata moja. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 akarekodiwa, sauti yake ikazunguka pwani nzima. Waliomfuata, wengi wamebaki kwenye kanda walizorekodi jamaa zao, redio imewekwa juu ya mkeka, watoto wanalia, sahani zinagongana. Kwa hiyo mwaka 2009, nilipomwomba sanduku lake la uvunguni nilipeleke kwenye hifadhi ya nyaraka, nilijua ninaomba kitu kikubwa.

Alikubali, kwa sharti tulipitie sote wawili kwanza.

Tulikaa ukumbini siku tatu. Picha nyingine zilikuwa na muhuri wa Capital Art Studio nyuma. Nyingine zilikuwa zimegandana kwa unyevu, tukaziacha vilevile, maana ukizivuta uso wa mtu unabaki kwenye picha ya pili. Yeye alitaja, mimi niliandika nyuma kwa penseli laini, kwani wino wa kalamu hupenya: huyu mpiga dumbaki, huyu somo yangu, huyu alikufa na uzazi. Picha moja aliitazama kidogo, akaiweka chini ya paja lake. Sikumuuliza. Ilikuwa yake.

Palikuwa na bati moja la filamu ndogo, zawadi ya mgeni mmoja. Nilipolifungua, harufu ya siki ilijaa ukumbini. Filamu za namna ile zikikaa kwenye joto huchacha zenyewe, na mvuke wake huziharibu filamu nyingine zilizo karibu. Ilikuwa imejikunja kama ganda la mti. Nililitoa nje ya sanduku kabla ya kuendelea.

Kisha zikaja kanda. Moja ilikuwa imefungwa kwenye leso: harusi ya 1984, usiku ambao yeye mwenyewe aliuhesabu kuwa ndio alioimba vizuri kuliko zote. Alikuwa amevivunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Kwenye vile vitundu niliona karatasi iliyosokotwa, imesindiliwa. Mikono ikaniishia nguvu, maana niliitambua. Niliisokota mimi, nikiwa na miaka kumi na miwili.

Sikusema kitu. Niliiweka kwenye redio.

Fidla ilianza, ikafuata ganuni, halafu sauti yake, changa, imenyooka, na wanawake wakipiga vigelegele kila alipotunzwa. Shangazi alifumba macho, kidole kikigonga goti. Beti ya kwanza, kipokeo, beti ya pili. Katikati ya beti ya tatu ikasikika "tka", na mtangazaji wa mpira akaingia akipiga kelele, Simba na Yanga, mpaka upande ule wa kanda ukaisha.

"Shangazi, ni mimi," nilimwambia. "Nilitia karatasi nikarekodi mpira. Nisamehe."

Alinyamaza muda mrefu. Akajaribu kuimba ile beti ya tatu, akapata mstari mmoja, wa pili haukuja. Akajaribu tena. Mtunzi wake alikwishakufa, na daftari la nyimbo liliozeshwa na mvua. Nililia mbele yake, mtu mzima mimi.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Lakini huo mpira usiukate. Na kwenye karatasi ya hao wa hifadhi andika kilichotokea, na jina la aliyefuta. Mtu akija kusikiliza asidhani nilisahau maneno."

Wiki iliyofuata, hifadhini, walinipa fomu ya kila kanda. Penye "maelezo" niliandika: upande A, dakika ya kumi na moja, wimbo umekatwa, mwimbaji hakukosea. Chini yake nikaandika majina yangu matatu.